Yaya Aliyewakalisha Mizimu

Kwa Yaya hapakuwa na kitu kinachoitwa kupita tu. Ukileta mtungi wa gesi, ukija kusoma mita ya umeme, utakaa. Nilimwona kwa macho yangu akimvuta mkono fundi wa AC, Mpakistani wa watu, ngazi begani, ana nyumba nyingine za kumaliza kabla ya adhuhuri, na Yaya anamwambia kwa Kiswahili ambacho yule bwana hakujua hata neno, "Kaa. Kaa kwanza. Chai." Na yule bwana akakaa! Ngazi ikalazwa barazani, nyumba nyingine zikaendelea kuungua na joto la Doha. Kitu cha kupeana mlangoni Yaya alikidharau kabisa, na dharau hiyo akaipa jina: mambo ya mlangoni. Kazi ya nusu nusu ilikuwa ya mlangoni. Salamu ya mtu mwenye haraka, ya mlangoni. Hata pasta akihubiri kidogo akakaa, Yaya alirudi kutoka kanisani akilalamika, "Leo tumehubiriwa ya mlangoni."

Mimi nilikuwa bawabu wa geti katika kompaundi ile ya Muaither, pembeni mwa Doha, mtoto wa Malindi, mwembamba kuliko sare yangu. Yeye alikuwa yaya wa villa namba saba, mwanamke wa Bungoma, mikono minene, sauti ndogo mpaka akasirike. Mimi nilimwita Mama. Yeye aliniita Mpwani, na alilitamka jina hilo kama mtu anayemsingizia mwenzake uvivu. Tulijuana zaidi ya miaka kumi, tukagombana karibu kila wiki, na leo nataka kumsimulia kwa sababu ya Halowini. Maana ukiwatajia watu wa kompaundi ile Halowini, hakuna atakayekumbuka boga. Watamkumbuka yeye.

Lakini kabla ya mizimu, nikuambie kuhusu binti, usije ukadhani hii ni habari ya kuchekesha tu. Yaya alikuwa na mtoto mmoja, wa kike, aliyemwacha kwa bibi yake Bungoma, ndiyo kwanza ameanza shule. Mwanzoni walizungumza vizuri kwenye simu; mtoto alimwimbia nyimbo za darasani, akamtajia marafiki. Kisha akanyamaza. Simu hakuikataa. Aliipokea, akaiweka sikioni, akapumua, kisha akamrudishia bibi yake. Yaya alikwenda likizo kila baada ya miaka miwili. Binti alimpa mkono kama anavyosalimiwa chifu, akamletea maji ya kunywa, halafu akaenda kulala kwa shangazi yake mpaka likizo ikaisha. Hilo ndilo jambo moja Yaya alilolitaka duniani, sauti ya mwanawe, na hakulificha kwa mtu. Ijumaa akishapiga simu alikuja getini kuniletea habari. "Mpwani, leo amepumua vizuri." Au, "Leo ana mafua, nimemwambia mama ampeleke kliniki." Mtoto wa kumjua kwa pumzi! Mimi nilimwitikia tu, nikageuka kuangalia magari.

Basi, ile Halowini ya kwanza. Madam wake alikuwa mwanamke wa Ayalandi, daktari wa meno, na majirani walimtania kwamba anagawa peremende ili apate wagonjwa. Mwaka ule alikuwa zamu ya jioni, akamwachia Yaya maagizo: kesho magharibi watoto watakuja wamevaa kama wafu, uwape kitu kitamu. Yaya akaitikia. Katika maagizo yote yale alishika neno moja, watakuja. Wageni! Alfajiri alikuwa ameshakanda unga. Mandazi, mayai ya kuchemsha, chai ya maziwa kwenye sufuria kubwa ile ya pilau, na viti vya nyumba nzima, hadi kigoda cha bafuni, vikapangwa kuizunguka meza.

Jua likazama, watoto wakatoka. Mimi niko getini nawatazama, nafurahi peke yangu, maana Doha mwishoni mwa mwezi wa kumi joto huanza kulegea na mtu hujisikia binadamu tena. Mara simu ya kibanda ikalia. Mama mmoja, sauti imempanda: watoto wameingia namba saba na hawatoki! Kabla sijamjibu, mama wa pili. Nikakimbia, redio mkononi, kofia ikaangukia kwenye maua, sikuiokota.

Mlangoni nilikuta viatu. Ndiyo, aliwavua viatu! Na ndani, bwana wee, mezani: mifupa mitupu anamenya yai. Mchawi wa kofia ndefu amepewa mto ili aifikie meza. Popo wawili wanagombania sukari. Na maiti mmoja, mtoto aliyeviringishwa karatasi ya chooni mwili mzima, mkono wake unachuruzika chai, na Yaya amemsimamia na birika. "Wewe maiti, kunja hiyo mikono. Karatasi inaingia kwenye kikombe." Mtoto hakuelewa lugha, lakini alikunja. Mtoto mwingine, pembe nyekundu kichwani, alitaka kuchukua andazi aondoke nalo. "Kaa chini! Shetani gani anakula akitembea?"

Msimamizi wangu akaniuliza redioni, "Kuna hatari?"

"Hakuna, bosi," nikamwambia. "Wanakunywa chai."

Madam aliporudi nilijiweka tayari kumtetea Yaya. Wallahi, nilikuwa nimeshapanga maneno. Yule mwanamke akasimama mlangoni na koti lake jeupe, akavitazama vile viatu, akawatazama wale mizimu, akashika ukuta akacheka mpaka akakaa chini. Kisha nikaona machozi mengine, si ya kicheko. Akavuta kiti, na Yaya akammiminia kikombe, na palepale tukasimuliwa asili ya jambo lenyewe.

Kwao, alisema, kwa bibi yake mashambani, usiku ule haukuwa wa peremende. Mavuno yameingia ghalani, nusu ya giza ya mwaka inaanza, na wafu wa kila nyumba wanarudi kwao usiku mmoja, wamechoka, wana baridi na njaa. Basi mlango hauwekwi komeo. Moto unawashwa, kiti kinavutwa karibu yake, chakula kinaachwa mezani. Watoto hufunika nyuso ili mizimu wazururaji wawadhanie wenzao, wakazunguka nyumba hata nyumba, wakaimba, wakawaombea marehemu wa kila nyumba, nao wakapewa mikate. Wala hapakuwa na boga. Walichonga mzizi fulani wa kwao, mgumu ajabu, wakautoboa macho na kuutia mshumaa ndani, kuwatisha wasio wa nyumba ile. Kanisa likaja likaupa usiku ule jina lake, mkesha wa watakatifu wote. Watu wa Ayalandi walipohamia Amerika wakakuta maboga, makubwa na laini, nani tena angehangaika na mzizi? Peremende na vitu vya madukani vikaja nyuma.

Yaya alisikiliza mpaka birika likampoa mkononi. "Kwa hiyo bibi yako alikuwa anawakalisha?"

"Alikuwa anawakalisha."

"Si nilisema!"

Hakuwa amesema lolote, lakini tangu siku hiyo nani angemwambia kitu? Kompaundi nzima ilikuwa inakosea, yeye peke yake ndiye aliyeifanya inavyotakiwa. Na alikuwa na ushahidi wake mwenyewe. Kwao Bungoma, alinieleza getini huku akinipigia mfano kwa funguo zangu, kijana anayekaribia tohara huzunguka kwa jamaa zake amepambwa, kengele mikononi, anaimba njia nzima. Wajomba humfokea kwanza, wamwone kama ataogopa, ndipo wampe kuku. "Ni kitu kile kile, Mpwani! Anakuja amegeuzwa sura, unamtisha, unampa, anaenda." Kwa hiyo akaanza kuwafokea na mizimu. Mzimu gani ana meno meupe hivi, nani amekupiga mswaki? Mchawi gani analia akimwona paka? Watoto walipiga kelele kwa furaha, wengine wakatoka nje wakaingia tena ili wafokewe upya.

Na miaka ile ya mwanzo Ramadhani nayo iliangukia karibu na mwezi wa kumi, kwa hiyo tulipata Garangao na Halowini karibu karibu. Garangao ni ya wenyeji: katikati ya mwezi mtukufu, wamekwisha futuru, watoto wa Kiqatari hutoka wamependeza, mavazi ya dhahabu na kofia za nakshi, mfuko shingoni, wanaimba mlango kwa mlango na kumiminiwa njugu, lozi na peremende. Nyuma ya ukuta wetu palikuwa na nyumba ya Kiqatari, na Yaya alikwenda kusimama kwenye mlango wa nyuma na sinia lake la njugu, mtandio kichwani kwa heshima. Alijaribu kuwakalisha. Wapi! Wale walikuwa na mitaa ya kumaliza. Lakini bibi wa nyumba ile, mzee wa kufunika uso kwa barakoa ya kwao, ambaye sikuwahi kumsikia akisema na mtu, alimwona akihangaika na viti, akacheka, na kesho yake akatuletea bakuli la harisi, ngano iliyopondwa na nyama, lililotutosha walinzi wote. Yaya akasema, "Huyo anajua. Huyo si wa mlangoni."

Sasa usidhani alikuwa shujaa wa giza. Lo! Yaya aliogopa wafu kuliko mtu yeyote niliyepata kumjua. Alilala taa inawaka. Takataka hakuzitoa baada ya magharibi, aliniita mimi. Mwaka mmoja watoto walichomeka mkono wa plastiki kwenye mchanga karibu na kamba ya nguo, na Yaya akaacha kuanika siku nzima. Nguo zikaoza kwenye beseni mpaka nikaenda kuung'oa ule mkono na kuupeleka mbali, naye akinifuata kwa macho kutoka dirishani ahakikishe. "Mayi wee, mama yangu, na kucha umeziona?" Lakini mtoto aliyejifanya mfu hakumwogopa hata kidogo. Nilimuuliza inakuwaje. Akaniambia mtoto ana magoti, mfu hana, tazama magoti kwanza. Mpaka leo sijui aliyatoa wapi hayo.

Na kanisa? Alikuwa kiongozi wa akina mama katika ibada yao ya Ijumaa, ndiyo siku ya mapumziko kule, sauti ya kwanza kwenye sala. Siku moja pasta alihubiri kwamba usiku ule ni wa shetani, na wenzake wakanisimulia kwamba Yaya ndiye aliyesema amina kubwa kuliko wote. Jioni namwona anashuka kwenye teksi na magunia ya unga.

"Mama, si umesema amina?"

"Nimesema shetani ashindwe. Sasa shetani akishindwa, mtoto anyimwe chai?"

Nikambebea unga.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo hakulifanyia mzaha. Usiku ule wa kwanza Madam alipiga picha: mizimu mezani, Yaya katikati na birika, anacheka meno yote nje. Picha nzuri! Yaya akampa mtu aliyekuwa anakwenda likizo, ikafika Bungoma, ikawekwa mkononi mwa binti. Na binti alipoitazama, ndipo aliponyamaza. Bibi yake alilieleza hivyo kwenye simu, kwamba mtoto aliuliza swali moja, hawa ni akina nani mama anawapa chai, na hakungoja jibu.

Mtu mwingine angeiacha Halowini siku hiyo hiyo. Mimi nilimwambia aiache. Nilimwambia kwa ukali, kama ndugu. Akakataa. Alisema ukimweleza binti habari za shule, anarudisha simu. Ukimweleza pesa za viatu zimetumwa, anarudisha simu. Lakini ukimsimulia usiku wa mizimu, nani alivaa nini, nani alimwagikiwa, nani alilia, harudishi. Anashika simu mpaka kadi inakwisha. "Hasemi, lakini haendi," Yaya alisema. "Nikiacha hii, nitamshika na nini?"

Ndiyo maana kila mwaka usiku ule ulikua! Watu walidhani Yaya anapenda sherehe. Alikuwa anatafuta hadithi. Akashona majoho kwa mapazia ya zamani. Akaning'iniza kengele kwenye mti wa uani. Akatangaza kwamba anayetaka andazi la pili lazima aseme jina la mtu wa kwao aliyekufa, na wote mezani walitaje jina lile pamoja. Nakwambia, sikutegemea, lakini watoto walilipenda hilo kuliko mandazi. Walitaja babu zao, walitaja mbwa wao, mmoja akamtaja samaki, na meza nzima ikamtaja samaki kwa heshima zote. Wazazi wakaanza kuja, kwanza kuchukua watoto, kisha kukaa. Mimi nikapandishwa cheo: waziri wa chai. Nilipopata leseni nikaacha geti, nikawa dereva, nikahamia Wakrah, na bado kila mwaka usiku ule nilikuja Muaither kukoroga sufuria.

Miaka ikaenda. Kadi za simu zikapitwa na wakati, simu zikaanza kuonyesha na sura, lakini binti aliigeuza kamera ikatazama dari. Yaya alilijua dari lile la Bungoma msumari kwa msumari.

Kisha, mwaka mmoja, mwezi wa saba, Yaya akanipigia simu. Binti amekuja Doha! Amepata kazi ya hoteli kupitia wakala, analala kwenye nyumba ya wafanyakazi Thumama, ameshafika wiki ya pili na hakumwambia mama yake. Bibi ndiye aliyemwaga siri. Thumama! Kutoka Muaither ni mwendo mfupi wa gari. Yaya akamtumia ujumbe, alama zikaonyesha umesomwa, jibu hakuna. Akapika, akanipa chupa ya chai na mandazi nipeleke. Nilimwachia mlinzi wa pale. Baada ya siku kadhaa mlinzi akanirudishia chupa tupu. Yaya akaifungua, akainusa, akaiinua kwenye mwanga.

"Ameiosha," akasema. "Mpwani, ameiosha na sabuni! Mtu aliyekutupa kabisa haoshi."

Niliendelea kupeleka chupa. Mwezi wa nane, wa tisa. Chupa zilirudi safi, kavu, bila neno. Mimi nilianza kumkasirikia yule msichana, nasema kweli. Mama anazeeka hapa karibu na yeye anaosha chupa!

Siku ya Halowini nilipita Thumama alasiri na chupa ya mwisho kabla ya kwenda Muaither. Akatoka mwenyewe. Bado ana sare ya hoteli, kadi ya jina shingoni, na mikono ile ile minene. Hakuichukua chupa.

"Wewe ndiye dereva wa mama?"

"Mimi."

"Nipeleke."

Akapanda nyuma, akafunga mkanda, na njia nzima hakusema lingine. Nilitamani kumpigia Yaya simu nimwonye, lakini binti angenisikia. Nikaendesha kama mimi ndiye ninayekwenda kuposa.

Tulifika mizimu wameshajaa. Wachawi, mifupa, mtu wa anga, msichana mmoja amejifanya jino lililooza kwa heshima ya Madam. Kelele tele, mvuke wa chai umeziba madirisha. Yaya alikuwa anammiminia mtoto, akainua kichwa kumfokea anayeingia, akamwona mwanawe. Chai ikaendelea kumiminika, ikajaa kikombe, ikajaa sahani, ikaingia mezani, mtoto akasogea.

Binti alisimama hapo mlangoni. Akawatazama watoto mmoja mmoja, taratibu.

"Hawa ndio?" akasema. "Hawa ndio hao wa stori? Kila mwaka unanipigia, huyu amevaa hivi, huyu amevaa vile! Kuna mwaka uliniambia mtoto amevaa sufuria kichwani ikakwama, mkaitoa na mafuta ya kupikia. Unakumbuka ulivyocheka? Mimi siku hiyo ndiyo niliona damu mara ya kwanza! Nilidhani nakufa! Nilishika simu nikuambie, nimefungua mdomo, na wewe unacheka sufuria!"

Sauti yake ilikuwa kubwa, sauti ya nyumba nzima. Watoto hawakujua Kiswahili. Walidhani huyu ni mfokaji mpya, mkali kuliko Yaya, na wakaweka vikombe chini wakamtazama kwa furaha tupu. Mimi nikaona aibu kwa niaba ya watu wote. Nikapiga hatua. "Binti, pole, twende nje kidogo tuongee tara—"

"Mpwani, nyamaza!" Yaya alinigeukia na macho ya kuua. Mashavu yamelowa, mdomo unacheka. "Nyamaza kabisa! Huoni anaongea?"

Akaliweka birika chini. Akamgeukia mwanawe, akafuta mikono kwenye aproni. "Endelea, mama. Sikujua hiyo. Endelea."

"Na kidato cha kwanza je?" binti akasema, analia sasa, amekasirika kwamba analia. "Wenzangu wote waliletwa na mama zao. Mimi nilibebewa sanduku na boda! Na ule mguu niliovunja, hukuambiwa kwa sababu nilimkataza nyanya asikuambie, nikangoja uulize mbona natembea polepole, utaulizaje na huoni!"

"Mguu upi?"

"Wa kushoto!"

"Endelea," Yaya akasema. "Na kabla ya hapo? Darasa la saba hujanitajia."

Mtu wa anga akasogea kidogo kwenye benchi. Binti akajifuta uso kwa mkono wa sare, akaingia, akakaa, akaanza na darasa la saba.